Linux kwenye bodi ndogo ya ARM: Raspberry Pi OS, Ubuntu, Armbian, Debian au Alpine?

Aliyezoea kompyuta za kawaida anajua kwamba flashi moja yenye Linux inamtosha. Anaichomeka kwenye mashine yoyote, inawaka, anasakinisha. Kwenye bodi ndogo za ARM, yaani kompyuta za bodi moja zenye chipu za aina ile ya simu, mambo hayaendi hivyo, na wengi hukwama papo hapo: wanapakua imeji (faili moja lenye mfumo mzima) iliyoandikwa "arm64", wanaiandika kwenye kadi ya microSD, wanachomeka umeme, taa nyekundu inawaka na skrini inabaki nyeusi. Kadi ni nzima, bodi ni nzima. Imeji ndiyo ya bodi nyingine.

Chanzo kiko kwenye sekunde mbili za mwanzo. Kompyuta ya kawaida ina BIOS au UEFI, programu ya kuwashia inayoieleza kerneli (kiini cha Linux kinachoendesha vifaa) kuna vifaa gani ndani. Bodi nyingi za ARM hazina kitu hicho. Chipu ina programu fupi iliyowekwa kiwandani, na kila ukoo wa chipu una mahali pake pa kutafuta hatua inayofuata. Raspberry Pi huamka kwa upande wa GPU (kichakataji cha picha) kwanza, ndipo CPU ya ARM iamshwe, na faili za kuwashia huzitafuta kwenye patisheni ya FAT. Chipu za Allwinner husoma kadi kuanzia kilobaiti ya 8. Rockchip huanzia sekta ya 64. Ikishavuka hapo, kerneli bado inahitaji faili lenye kiishio cha .dtb, ambalo ni ramani ya bodi: pini hii imeunganishwa na nini, Wi-Fi inapita njia gani, volti inadhibitiwa na chipu ipi. Ukiipa ramani isiyo yake, mara nyingi haijui hata pa kuandikia ujumbe wa kosa.

Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri wa distro, yaani toleo gani la Linux achukue, simuulizi anapenda muonekano gani. Namuuliza kerneli ya bodi yake inatunzwa na nani, na huyo anayeitunza ataendelea mpaka lini. Ulinganisho huu nimeupanga kwa kipimo hicho kwanza, mengine yanafuata.

Ukiwa na Raspberry Pi

Hapa una bahati, kwa sababu kerneli inatunzwa na haohao wanaotengeneza bodi. Kinachobaki kuamua ni Raspberry Pi OS au Ubuntu.

Raspberry Pi OS, ambayo mpaka Mei 2020 iliitwa Raspbian, ni Debian iliyoongezewa kerneli na firmware (programu za ndani ya vifaa) za wenyewe. Kamera, pini za GPIO za kuunganishia vitambuzi na taa, video, Bluetooth, vyote hufanya kazi siku ya kwanza bila kuhangaika. Tena bado inazihudumia bodi kongwe. Raspberry Pi ya mwaka 2012 na Zero ya kwanza zina CPU ya ARMv6, wakati Debian ya kawaida ya armhf, yaani ya ARM ya biti 32, inataka ARMv7 ambayo ni mpya zaidi. Raspbian ilizaliwa kwa ajili hiyo hasa: watu walichukua Debian nzima wakaijenga upya ili CPU ile ipate pa kuishi. Ukiwa na Zero ya kwanza kwenye droo, usimalize usiku ukihangaika na Ubuntu. Weka Raspberry Pi OS ya biti 32, mambo yaishe.

Ubuntu inakuja na ahadi nyingine: toleo la LTS (la muda mrefu) linapata masasisho ya usalama kwa miaka 5, na likipitwa unahamia jipya kwa amri ya `do-release-upgrade`. Raspberry Pi OS toleo kubwa likibadilika, ushauri rasmi ni kuandika kadi upya na kuhamisha faili zako. Kwa bodi iliyofungwa juu ya dari ikipima joto la chumba, tofauti hiyo ni kubwa. Ubuntu pia ina cloud-init, programu ya kupanga mashine mpya: unahariri faili moja la `user-data` kwenye patisheni ya kuwashia, unaandika jina la mashine, mtumiaji na funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali), bodi inajipanga yenyewe inapowaka mara ya kwanza. Ukiwa na bodi kumi za aina moja, utaishukuru.

Lakini Ubuntu ni nzito zaidi. Huduma ya snapd, inayosimamia vifurushi vya aina ya snap, inakaa kwenye RAM hata kama huitumii, na kwenye eneokazi hata Firefox inaletwa kama snap. Zero 2 W ina RAM ya megabaiti 512 tu. Ubuntu Server inawaka humo, lakini ukianza kusakinisha vitu unausikia mzigo. Kwa eneokazi la Ubuntu nisingekwenda chini ya gigabaiti 4.

Maoni yangu hapa hayana kusitasita. Ukiwa unajifunza, au kazi yako inagusa kamera na GPIO, chukua Raspberry Pi OS. Ukiwa tayari una seva za Ubuntu mahali pengine na unataka bodi iwe na amri zilezile na matoleo yaleyale ya vifurushi, chukua Ubuntu Server. Eneokazi la Ubuntu kwenye Pi simshauri mtu.

Ukifuata mwongozo wa zamani, kuna mitego miwili. Tangu Aprili 2022 mtumiaji `pi` mwenye nywila `raspberry` hayupo tena. Unamtengeneza wako kwenye programu ya Raspberry Pi Imager kabla ya kuandika kadi, pamoja na Wi-Fi na SSH. Na tangu toleo la Bookworm la Oktoba 2023, mtandao unasimamiwa na NetworkManager, hivyo ule ujanja wa kutupia faili la mipangilio ya Wi-Fi, `wpa_supplicant.conf`, kwenye patisheni ya kuwashia haufanyi kazi. Faili la mipangilio ya bodi, `config.txt`, nalo limehamia `/boot/firmware`. Nimeona watu wakihariri faili lililoko `/boot` kwa muda mrefu, wakishangaa mbona bodi haisikii.

Mwenye Pi 5 aongeze jambo moja: kerneli yake ya kawaida ya biti 64 hugawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16 badala ya 4. Programu chache zilizojengwa kwa kudhania 4 huanguka mara tu zinapoanza. Dawa ni mstari mmoja ndani ya `config.txt`, `kernel=kernel8.img`, kisha uiwashe upya.

Bodi nyingine zote: imeji ya kiwanda au Armbian

Huku ndiko uchaguzi unakouma. Orange Pi, Banana Pi, NanoPi, Rock Pi, Odroid, kila moja ina ukurasa wa mtengenezaji wenye imeji za kupakua. Unafungua, unakuta Debian, Ubuntu, Android, zote zimepangwa vizuri. Tofauti unaiona ukiishi nazo.

Niliwahi kuwa na bodi moja nzuri kwa macho, ya viini vinne na eMMC (chipu ya hifadhi) juu yake. Niliweka imeji ya kiwandani. Iliwaka mara moja, HDMI ikatoa picha safi, Wi-Fi ikashika. Niliipenda. Baada ya miezi kadhaa nikataka kuweka WireGuard, programu ya VPN, ili niifikie bodi nikiwa mbali. WireGuard imo ndani ya kerneli ya Linux tangu 5.6, iliyotoka Machi 2020. Nikaandika `uname -r`, amri inayotaja toleo la kerneli, ikanijibu 4.9. Sawa, moduli inaweza kujengwa kando, lakini inahitaji faili za vichwa za kerneli hiyohiyo, na mtengenezaji hakuziweka popote. Nikaenda kwenye ukurasa wake kutafuta imeji mpya. Ilikuwa ileile niliyoanza nayo. Amri ya `apt upgrade` ilikuwa inasasisha kila kitu kila wiki isipokuwa kitu kimoja, kerneli, na mimi nilidhani niko salama.

Nikahamia Armbian. Armbian ni mradi wa jumuiya unaojenga Debian na Ubuntu kwa ajili ya bodi nyingi, ukitumia kerneli iliyo karibu na ile kuu ya Linux kila inapowezekana. WireGuard niliikuta imo. Wi-Fi ya ndani, ambayo kwenye imeji ya kiwanda ilishika mara moja, ikakataa kuonekana kabisa, kwa sababu draiva yake iliishi kwenye ile kerneli ya 4.9 pekee. Nikavuta waya wa mtandao mpaka kwenye ruta, na bodi ikaendelea na kazi yake hivyo.

Biashara yenyewe ndiyo hiyo. Imeji ya kiwanda inakupa vifaa vyote vya bodi leo: kusimbua video kwa chipu, NPU (kichakataji cha akili bandia), Wi-Fi ya ajabuajabu. Armbian inakupa kerneli inayoendelea kuishi, na huenda ukaacha kifaa kimoja au viwili njiani. Bodi ya kuonyeshea video ukutani inaweza kubaki na imeji ya kiwanda bila shida, mradi haikai wazi kwenye intaneti. Seva yoyote inayofikiwa kutoka nje nisingeiacha kwenye kerneli isiyosasishwa, hata ikiwa inafanya kazi vizuri kiasi gani.

Armbian yenyewe ina matawi ya kerneli, na watu huchagua bila kusoma. `current` ndilo la kutumia. `edge` ni la wanaopenda kujaribu vipya na hawaogopi kuandika kadi tena. `vendor` ni kerneli ya mtengenezaji wa chipu iliyosafishwa na Armbian; kwenye Rockchip RK3588 ni ya 6.1, na wengi bado wanaishikilia kwa ajili ya video na NPU. Jina la tawi unaliona mwishoni mwa jibu la `uname -r`, kwa mfano `-current-sunxi64` au `-vendor-rk35xx`. Vilevile angalia bodi yako imewekwa daraja gani. Bodi yenye mtunzaji anayejulikana na bodi iliyoachiwa jumuiya ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama zote zina kitufe cha kupakua.

Kuanza ni rahisi: ukiingia kwa SSH mara ya kwanza mtumiaji ni `root`, nywila ni `1234`, na papo hapo unalazimishwa kuibadilisha na kutengeneza mtumiaji wa kawaida. Ukisharidhika, `armbian-install` inahamisha mfumo mzima kutoka kwenye kadi kwenda eMMC. Kumbukumbu za matukio Armbian huzishikilia kwenye RAM na kuziandika kwenye kadi mara mojamoja, jambo linaloirefushia kadi maisha. Na ukishapata kerneli inayoelewana na bodi yako, `armbian-config` ina sehemu ya kuzuia isisasishwe ovyo. Itumie wakati wa kazi nyeti, halafu ukumbuke kuifungua.

Bodi ikikataa kuwaka

Kabla ya kutupa distro moja na kujaribu nyingine, nunua waya wa USB kwenda seriali wa volti 3.3, unaokuonyesha kwenye kompyuta ujumbe wa bodi inapowaka. Wa volti 5 utaunguza pini. Kwenye Raspberry Pi unatumia pini tatu: ya 6 ni GND, ya 8 ni TX, ya 10 ni RX, na TX ya upande mmoja huenda RX ya upande wa pili. Kasi kwa kawaida ni 115200. Bodi nyingi za Rockchip hutumia 1500000, na ukiacha 115200 utaona takataka za herufi udhani waya mbovu.

Ukishaunganisha, skrini nyeusi inaanza kusema. Kama hakuna herufi hata moja, chipu haikupata butiloda, ile programu inayoipakia kerneli: imeji si ya bodi hii, au kadi haikuandikwa sawasawa. Kama U-Boot, butiloda ya bodi nyingi za ARM, inajitambulisha, inahesabu sekunde, inaandika `Starting kernel ...` kisha kimya, hapo butiloda ni sahihi na mashaka yanahamia kwenye .dtb au kerneli. Kama inafika mbali na kulalamika kwamba haikupata mfumo wa faili wa mzizi, tafuta UUID (namba ya utambulisho ya patisheni) iliyokosewa. Ni magonjwa matatu yenye dawa tatu, na bila waya huo yote yanafanana.

Debian halisi, na Alpine

Debian yenyewe, isiyopitia mikono ya mtu mwingine, inawezekana kwenye bodi ambazo kerneli kuu inazijua vizuri. Kwa bodi za U-Boot inatoa vipande viwili vya kisakinishi, kimoja cha butiloda ya bodi yako na kimoja cha pamoja, unaviunganisha kwa `zcat` kuwa imeji moja. Kisha unasakinisha kwa maswali na majibu kama kwenye kompyuta ya kawaida, unagawa diski unavyotaka, hata kuisimba. Napenda usafi wake: hakuna hazina ya vifurushi ya mtu wa tatu, na kerneli inakuja kwa `apt` kama kifurushi kingine chochote. Ila bodi ikiwa ngeni, usitegemee huruma. Iko kwenye orodha au haiko.

Alpine ni mnyama mwingine. Ni ndogo sana, inatumia musl badala ya glibc kama maktaba ya msingi ya programu, na OpenRC badala ya systemd kuwashia huduma, na ina hali ya kuishi ndani ya RAM yote. Inapakia mfumo kutoka kwenye kadi, kisha haiigusi kadi tena mpaka uandike `lbu commit`. Kwa mahali umeme unapokatika ovyo sijui distro bora kuliko hiyo: chomoa waya katikati ya kazi, irudishe, inawaka kama ilivyohifadhiwa mwisho. Gharama yake ni kwamba programu iliyojengwa kwa glibc haikubali bila ukarabati, na baadhi ya maktaba za Python utalazimika kuzijenga mwenyewe juu ya bodi, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Ruta ndogo, seva ya DNS, kipima joto: Alpine. Usiipeleke kwenye eneokazi.

Biti 32 au 64

CPU ikikubali 64 na RAM ikifika gigabaiti 2, chukua 64 bila kufikiri. Programu nyingi mpya na kontena nyingi hazitolewi tena kwa 32. Kwa megabaiti 512 bado naona sababu ya 32, kwa kuwa programu zilezile hula kumbukumbu kidogo. Angalia tu usidanganyike na `uname -m`. Raspberry Pi OS ya biti 32 kwenye Pi 4 huwasha kerneli ya biti 64, hivyo amri hiyo inajibu `aarch64` wakati vifurushi vyote ni vya 32. Ukweli unaupata kwa `dpkg --print-architecture`.

Kadi, eMMC, SSD, na umeme

Hili ni zito kuliko distro, na ndilo linalopuuzwa. Alama ya A1 kwenye kadi ya microSD inamaanisha angalau operesheni 1500 za kusoma na 500 za kuandika kwa sekunde, kwa vipande vidogovidogo. Mfumo endeshi unaishi kwa vipande vidogovidogo, kwa hiyo namba kubwa ya megabaiti iliyochapishwa mbele ya kadi haikuambii kitu. A2 inaahidi 4000 na 2000, ila bodi lazima ijue kutumia foleni yake ya amri. Kadi bandia zipo pia: zinajitambulisha kwa gigabaiti 64 huku ndani mna 8. Programu ya f3 huzifichua kabla hujapoteza data.

eMMC ni hatua ya haraka na salama zaidi, bodi ikiwa nayo. SSD ni bora kuliko zote kwa hifadhidata au kamera za ulinzi zinazorekodi mfululizo. Pi 4 huipokea kwa USB 3.0, Pi 5 ina njia ya PCIe kwa ajili ya NVMe. Adapta za USB kwenda SATA ndizo zenye vituko. Baadhi hugandisha bodi mpaka uzizuie zisitumie UAS (njia ya kasi ya kusafirisha data kwa USB) kwa kuongeza `usb-storage.quirks` kwenye mstari wa amri wa kerneli.

Umeme nao huvaa sura ya kosa la distro. Pi 4 inataka volti 5 kwa ampea 3, Pi 5 inapendekezewa ampea 5. Chaja ya simu yenye waya mwembamba hushusha volti pale tu kazi inapokuwa nyingi, bodi inagoma katikati ya `apt upgrade`, na mfumo wa faili unaharibika. Kwenye Raspberry Pi OS andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni salama. Jibu la `0x50005` maana yake umeme uko chini sasa hivi, na CPU imepunguzwa kasi sasa hivi. Distro yoyote utakayoweka hapo itaonekana mbovu.

Kama bodi bado hujainunua

Basi unaweza kulijibu lile swali la mwanzo, kerneli ya bodi inatunzwa na nani, kabla ya kutoa hela. Fungua msimbo wa kerneli kuu ya Linux, nenda `arch/arm64/boot/dts`. Ndani kuna folda za koo za chipu: allwinner, amlogic, broadcom, rockchip na nyinginezo. Tafuta faili lenye jina la bodi unayoitamani. `rk3399-rockpro64.dts` limo, `rk3588s-orangepi-5.dts` limo, `bcm2711-rpi-4-b.dts` limo. Angalia pia lini mtu aligusa faili hilo mara ya mwisho na alirekebisha nini. Kama ni HDMI au Wi-Fi iliyoongezwa karibuni, ujue kabla ya hapo haikuwapo. Bodi ambayo faili lake huioni, na kwenye orodha ya Armbian haina mtunzaji, itabaki na imeji ile ya kiwanda iliyokuja nayo. Hiyo mimi siinunui, hata ikiwa na viini vinane.